Vitabu Ninavyowaazima Vijana Wangu, na Kimoja Ninachokificha

Kijana akija kuomba kazi kwetu, ghorofani juu ya duka la vifaa vya umeme karibu na Makoroboi, mara nyingi hunionyesha simu yake. Ndani kuna vitabu mia, mia mbili, vyote PDF, vingine vya lugha za programu ambazo hata hatuzitumii. Mimi humuuliza kimoja tu alichokisoma hadi mwisho na akakikuta anabishana nacho. Wengi hapo hunyamaza. Mmoja aliwahi kunijibu, "Dada, kitabu kinabishaniwa?" Nikamwajiri, maana angalau aliuliza.

Ninatengeneza programu hapa Mwanza tangu nilipomaliza chuo, na sasa naongoza timu ndogo. Kazi zetu ni mifumo ya wanunuzi wa samaki, SACCOS, maduka ya dawa, na shule moja moja. Vitabu nilivisoma kwa njaa, kwa sababu wahandisi wakongwe wengi wako Dar es Salaam, na ukikwama saa nne usiku uko chumbani Nyegezi hakuna wa kumgongea mlango. Baada ya kusoma vingi nimebaki na kipimo kimoja. Kabla sijamwamini mwandishi nataka kujua ni kitu gani kilimharibikia mikononi, au alikiona kikiharibika kwa karibu. Wenye amri nyingi na ajali chache nawasoma kwa tahadhari.

Ndiyo maana cha kwanza kumwazima mtu ni The Mythical Man-Month cha Frederick Brooks, kilichotoka mwaka 1975. Vijana hushangaa, maana kompyuta za enzi hizo zilijaza chumba na programu zilitobolewa kwenye kadi. Lakini Brooks alikuwa amesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, mradi mkubwa uliochelewa na kula fedha kuliko ilivyotarajiwa. Alipotoka huko akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha North Carolina, akakaa chini kujiuliza kilitokea nini hasa. Jibu lake wengi wanalijua hata kama hawajakishika kitabu: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unazidi kuuchelewesha. Wageni lazima waelekezwe, na wa kuwaelekeza ni walewale waliokuwa wanafanya kazi. Halafu kuna mazungumzo. Watu watatu wakihitaji kuelewana wawili wawili, kuna njia tatu za kuongea. Wakiwa sita ni njia 15. Wakiwa kumi ni 45.

Hesabu hiyo niliihitaji mbele ya mzee mmoja mnunuzi wa dagaa. Tulikuwa tunamtengenezea mfumo wa kupokea mzigo: uzito, daraja, bei ya siku, malipo ya mvuvi kwa simu. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa inakaribia na sisi tuko nyuma, kwa kuwa kila wiki yeye na wanawe walikuwa wanaongeza kitu. Leo ripoti ya madereva, kesho ripoti ya magunia. Akaniita ofisini kwake Kirumba.

"Binti yangu, nina mpwa wangu Dar ana vijana saba wa kompyuta. Nawaleta wote Jumatatu. Gharama juu yangu."

"Nashukuru mzee wangu. Lakini wakija saba, hatumalizi mwezi huu wala ujao."

"Mbona mimi hapo sokoni Mwaloni lori likichelewa kushuka naongeza wapagazi, na linashuka?"

Lilikuwa swali halali, na Brooks mwenyewe analijibu. Kuna kazi inayogawanyika na kuna isiyogawanyika. Mfano wake ni wa mimba, kwamba mtoto huchukua miezi tisa hata uweke wanawake wangapi. Nilikuwa nao mdomoni nikaumeza, maana si mfano wa kumpa mzee wa umri ule. Nikamuuliza kuhusu karani wake. Wapagazi anaweza kuongeza hata ishirini, lakini anayeandika uzito kwenye daftari ni mmoja. Je, siku mzigo ukiwa mwingi anaweka makarani saba kwenye daftari moja? Mzee akacheka. Akasema aliwahi kuweka wawili, na mwezi ule hesabu hazikufunga hadi leo.

Nilidhani yameisha. Jumatatu wakaja wawili badala ya saba, eti tumekutana katikati. Walikuwa vijana wazuri, wenye adabu na wajuzi, lakini mtu wangu hodari kuliko wote hakugusa kazi yake kwa muda. Alikuwa anawaonyesha nini kiko wapi na kwa nini bei ya sangara haihesabiwi kama ya dagaa. Tarehe ikapita. Kilichotuokoa ni kukaa na mzee na wanawe na kukata: mapokezi na malipo kwanza, ripoti baadaye. Brooks anaitaja dawa hiyo, kupunguza kazi badala ya kuongeza watu, ila wasomaji wengi hukariri ile sheria na kuiacha dawa ukurasani.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimheshimu. Mwaka 1975 aliandika kwamba upange kabisa kuutupa mfumo wa kwanza, kwa sababu utautupa utake usitake. Toleo la 1995 lilipotoka aliongeza sura, na humo akasema wazi kwamba ushauri ule ulikuwa na kasoro, kwa kuwa ulichukulia programu hujengwa hatua moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma. Nimeona vitabu vya uongozi vilivyofika toleo la tatu na la nne bila mwandishi kubadili mawazo hata juu ya nukta.

Peopleware cha Tom DeMarco na Timothy Lister, cha mwaka 1987, nilikisoma nikicheka na kukasirika kwa zamu. Hoja yao kubwa ni kwamba miradi mingi haifi kwa sababu ya teknolojia, inakufa kwa sababu ya watu na mazingira yao. Walifanya mashindano ya kuandika programu, kati ya mwaka 1984 na 1986, yaliyoshirikisha zaidi ya watu 600 kutoka kampuni 92. Waliofanya vizuri walikuwa na nafasi kubwa zaidi, ukimya zaidi, na walikatizwa mara chache. Mshahara na miaka mingi kazini havikuonekana kuwatenganisha sana.

Nilicheka kwa sababu duka la chini yetu, kila mwisho wa mwezi, huweka spika mbili nje na kijana mwenye maikrofoni anayenadi majokofu mpaka jua linapopoa. Nilikasirika kwa sababu dawa yao ni kumpa kila mtu chumba chenye mlango na dirisha. Pango la katikati ya mji wa Mwanza mimi nalijua. Basi tuliacha milango tukachukua saa. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi simu za wateja zinapokelewa na mtu mmoja wa zamu, na wengine wanazima WhatsApp.

Wiki za mwanzo wateja walinuna. Kwetu kutopokea simu ya mtu ni dharau, na huwezi kumweleza hivyo kwa ujumbe mfupi. Ilibidi niwazungukie, nisalimie, niulize habari za nyumbani, ndipo nieleze. Mama mmoja mwenye duka la dawa Igoma akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mimi nikikupigia ujue nina mgonjwa kaunta." Alikuwa na haki. Alipewa namba ya mtu wa zamu, na namba hiyo huita hadi ipokelewe. DeMarco na Lister hawana jibu kwa mama huyo, kwa sababu watengeneza programu wao hawakuwa wanapigiwa na wenye maduka.

Kitabu kilichotulisha, kwa maana ya ugali hasa, ni Working Effectively with Legacy Code cha Michael Feathers, 2004. Shuleni na vyuoni tunafundishwa kujenga kitu kipya. Kazi zinazokuja kwa mlango wetu ni za kuokoa. Kuna mfumo ulioandikwa na kijana ambaye amehamia Dar na simu yake haipatikani. Neno la siri la kanzidata, yaani ghala la data za mfumo, limeandikwa wazi ndani ya faili, nakala ya akiba iko kwenye fleshi, na fleshi iko kwenye pochi ya meneja. Feathers anasema mfumo wa kurithi ni msimbo (yaani maandishi ya programu) usio na majaribio ya kiotomatiki, basi, hata kama umeandikwa jana. Na anasema usianze kwa kurekebisha. Kwanza andika majaribio yanayorekodi mfumo unafanya nini sasa hivi, liwe sahihi au la. Ukishajua ulivyo, ndipo uuguse.

Vijana hawaupendi ushauri huu. Wakifungua mfumo wa mtu mwingine wanaguna, halafu wanasema tuuandike upya. Mimi nami nilikuwa mgumu kuamini, mpaka tulipopewa mfumo wa SACCOS moja ya wafanyakazi, jina nalihifadhi.

Tuliandika majaribio kama Feathers anavyoelekeza, tukachukua mikopo halisi tukaipitisha. Mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa marejesho 12 unatoa 83,333 na senti zake. Mfumo ulikuwa unakata senti. Zidisha 83,333 mara 12 upate 999,996. Kwa hiyo mwanachama alimaliza marejesho yake yote na bado mfumo ukasema anadaiwa shilingi nne, na mwenye deni haruhusiwi kukopa tena. Tukasema tumepata hitilafu, dakika kumi kazi imekwisha. Lakini kwenye data zao mikopo ile ilikuwa imefungwa, kila mmoja, tarehe za mwisho wa mwezi. Nani aliifunga?

Alikuwa mhasibu, mama mtaratibu aliyekaribia kustaafu. Kila tarehe 30 alikuwa anaketi na kuingiza risiti za shilingi nne, shilingi nane, shilingi kumi na sita, fedha ambayo hata sarafu yake haipo mfukoni kwa mtu, na hesabu zake za mwaka alikuwa amezipanga kwa kuzingatia risiti hizo. Nilipomwambia tumeona hitilafu kwenye mfumo, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, hiyo si hitilafu. Hiyo ni kazi yangu ya mwisho wa mwezi."

Tungeirekebisha kimyakimya, yeye angeendelea na risiti zake, mikopo ingeonekana imelipwa zaidi ya deni, na lawama ingemwangukia yeye. Tulikubaliana tarehe. Tangu siku ile rejesho la mwisho likawa linabeba masalio, naye akaacha kuingiza risiti siku hiyohiyo. Zile za zamani tukaziacha zilivyo, na jaribio linalozilinda liko hadi leo. Hakuna mahali Feathers anapozungumzia wahasibu, lakini nidhamu yake ya kurekodi kwanza ndiyo iliyotufikisha mezani kwa yule mama kabla hatujamvurugia kazi.

Release It! cha Michael Nygard, 2007, ni kitabu cha kigeni kilichoandikwa kana kwamba mwandishi amewahi kukaa Nansio, kisiwani Ukerewe, akisubiri mtandao. Anaanza na shirika la ndege lililosimama kwa sababu ya kosa moja dogo la kanzidata ambalo hakuna aliyelishughulikia kwenye msimbo, na kutoka hapo haamini kitu chochote kilicho upande wa pili wa waya. Kila ombi liwekewe kikomo cha kusubiri. Mfumo wa pili ukizidiwa, ukate njia kwa muda, usiendelee kuugongea. Kwa anayefanya malipo ya simu na visiwani hayo ni mambo ya kila wiki. Mvuvi wa Ukerewe anabonyeza kulipa, mtandao unakatika, anabonyeza tena, halafu majibu ya malipo yote mawili yanaingia kwa pamoja baada ya saa nzima. Kila muamala kwetu una namba yake, na namba ikirudi mara ya pili mfumo unaitambua na kuikataa. Hilo la namba tulikuwa nalo hata kabla ya Nygard. Alichotupa ni tabia ya kuliuliza kila mahali, hata kwenye printa.

Sasa kile ninachokificha. Ni Clean Code cha Robert Martin, cha 2008, na najua nitanuniwa. Kina mema yake: majina yanayoeleweka, kusafisha unapopita, kutoacha ndani ya msimbo maelezo yanayodanganya. Tatizo ni namna kijana aliyetoka chuoni anavyokisoma. Martin anasisitiza fungsheni, yaani vipande vya msimbo vyenye kazi moja moja, ziwe fupi, kisha ziwe fupi zaidi ya hapo, na kijana anakuwa na dini mpya. Mmoja wetu alichukua hesabu ya mapokezi ya dagaa, yaani uzito, toa uzito wa gunia, toa unyevu, zidisha bei ya daraja. Ilikuwa ukurasa mmoja unaosomeka kuanzia juu hadi chini. Akairudisha imekatwa vipande vya mistari miwili miwili, kila kimoja na jina refu zuri, na ili ujue mvuvi atalipwa shilingi ngapi ikabidi uruke faili baada ya faili huku umeshikilia namba kichwani. Yeye aliona fahari. Mimi kichwa kiliniuma.

Nilimpa A Philosophy of Software Design cha John Ousterhout, profesa wa Stanford aliyetengeneza lugha ya Tcl. Kitabu ni chembamba, cha mwaka 2018, na kimetokana na kozi ambamo wanafunzi huandika programu, wakakosolewa, wakaandika tena. Anasema kinyume cha Martin. Sehemu nzuri ya programu ni yenye kina: anayeitumia anaambiwa machache, na ndani yake inafanya mengi. Vipande vingi vyembamba vinaongeza ugumu badala ya kuupunguza. Wawili hao wameshabishana kwa maandishi hadharani, na mjadala wao ni mafunzo bora kuliko kitabu cha yeyote kati yao peke yake. Clean Code kiko kwenye kabati langu. Anayekitaka namwambia asubiri kwanza arithi mfumo wa mtu mwingine, halafu tutakisoma pamoja.

Design Patterns, kile cha waandishi wanne cha 1994 chenye ruwaza 23 za usanifu, yaani suluhisho za matatizo yanayojirudia, nakitaja kwa sababu wanaofanya usaili wanakipenda. Vijana wanakariri majina yote 23. Sisi tunatumia matano, sita.

Kusahihishana ni jambo gumu zaidi ya yote, na hapo aliyenisaidia ni wa zamani kuliko wote. Gerald Weinberg aliandika The Psychology of Computer Programming mwaka 1971, akaeleza kwamba mtu akiuona msimbo kuwa sehemu ya nafsi yake, hataona makosa yake na hatakubali aonyeshwe. Anasimulia mtengeneza programu aliyempa mwenzake msimbo ausome, na mwenzake akakuta makosa 17 katika mistari 13. Aliyeandika akacheka, akawa anawasimulia ofisi nzima jinsi alivyovurunda.

Mwanzoni niliona hadithi hiyo haiwezi kuhamia kwetu. Msichana wa miaka 22 atamwambia nini kaka wa miaka 35 mwenye watoto? Tulipoanza kusomeana msimbo, alikuwa anapitisha kila kitu cha wakubwa na kuandika "safi". Kuhutubia kuhusu nafsi hakukusaidia. Nilichofanya ni kuweka kanuni kwamba anayesoma haandiki kosa, anaandika swali. "Kaka, hapa mvuvi akiwa hana namba ya simu inakuwaje?" Swali la mdogo kwa mkubwa kwetu lina adabu yake, na mkubwa analazimika kujibu. Mara nyingi anapotafuta jibu anagundua kwamba hana, na anarekebisha mwenyewe. Makosa yanapatikana, na heshima inabaki mahali pake. Sijui kama Weinberg angeiita kutokuwa na nafsi. Nafsi zipo, tena kubwa, ila zimepewa njia ya kupita.

Vitabu vya uongozi wenyewe vinanipa shida zaidi. Vingi vinaandikwa na watu waliofaulu wakieleza kwa nini walifaulu. High Output Management cha Andy Grove wa Intel, 1983, nakitenga na hivyo kwa sababu ni mtu wa kiwanda, anazungumza kama msimamizi wa zamu. Anasema kazi ya meneja hupimwa kwa kile timu yake inachokizalisha pamoja na timu nyingine anazozigusa, si kwa jinsi alivyoshinda bize. Anasisitiza pia kikao cha watu wawili, meneja na mtu wake, ambacho ajenda yake huletwa na mdogo. Hilo nililijaribu kama lilivyo nikapata ukimya. "Una nini leo?" "Hamna dada, mambo safi tu." Kila wiki mambo safi, na kumbe mtu anatafuta kazi kwingine.

Tukaacha viti. Sasa tunatembea, kutoka ofisini kushuka hadi gati la Kamanga, tunanunua mahindi ya kuchoma, tunatazama kivuko kinavyopakia magari, tunarudi. Watu wawili wakitembea wanatazama mbele, hakuna anayemkazia mwenzake macho, na kijana wa Kisukuma aliyefundishwa kutomtazama mkubwa usoni anapumua. Neno lenyewe hutoka tukiwa tumefika ngazi za ofisi, nikiwa nimeshika mlango. "Halafu dada, kuna kitu." Basi tunageuka, tunashuka tena.

Camille Fournier, katika The Manager's Path cha 2017, anaanza na jambo ambalo wengine hawalifikirii: unastahili kutarajia nini kwa meneja wako. Sura hiyo naiazima kwa walio chini kabisa, wajue cha kunidai. Zinazofuata zinapanda ngazi, kutoka mshauri wa mwanafunzi wa mafunzo hadi mkuu wa teknolojia wa kampuni. Ni nzuri, ila timu ya watu wachache ina ngazi gani? Kijana akiuliza atapanda lini, na juu yake niko mimi peke yangu, siwezi kumjibu kwa kitabu hicho. Nimempa mteja wake mwenyewe, kuanzia bei hadi makabidhiano. Sijapata cheo kikubwa zaidi ya hicho cha kumpa.

Kuna andiko jingine nililolikuta nyumbani kabla sijajua kompyuta ni nini. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na alikuwa anakijua kwa kichwa kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, kile kinachomkataza kiongozi majivuno, ufahari, kuwadharau watu na kuwaonea. Wafanyakazi wa miaka ile walikisimamia wakagoma dhidi ya mameneja waliowatukana. Mengi ya siasa za wakati ule yamepitwa, na kuhusu uchumi baba nami tulibishana hadi alipochoka. Kifungu hicho kimoja kimeandikwa upande wa anayeongozwa, na ndicho ninachokikosa kwenye rafu ya vitabu vya Marekani, ukimwondoa Fournier katika ile sura ya kwanza.

Na kuna kisichoandikwa popote nilipotafuta. Hakuna kati ya hao anayeeleza ufanye nini mwezi ambao mteja mkubwa hajalipa, naye hapokei simu, na mishahara ni Ijumaa. Grove alikuwa na Intel nyuma yake. Mimi nina akaunti moja ya benki. Nilichoamua ni kuwaonyesha salio. Siku ya kumi ya kila mwezi tunakaa, naandika ubaoni tulichonacho, tunachodai na tunachodaiwa, na jina la kila mteja aliyechelewa. Mara ya kwanza chumba kilikuwa kizito, na mmoja aliondoka kabla mwezi haujaisha, akapata kazi ya mbali na kampuni ya nje. Sikumlaumu. Waliobaki waligawana majina ya wadaiwa, na kumbe yule kaka wa maswali ya Weinberg alikuwa anasali kanisa moja na mhasibu wa mmoja wao. Jumatatu iliyofuata hundi ilikuwa mezani. Lile salio bado naliandika kila mwezi, na sasa wameanza kunihoji kwa nini tunalipa pango la ghorofa yenye spika chini yake.